Makasia ya Concept2 kwa boti ya wanawake wanne: Smoothie2 yanatosha, mradi futi ya kupimia iwe karibu

Kwenye Olimpiki ya Paris, tarehe 31 Julai 2024 pale Vaires-sur-Marne, fainali ya boti ya wanawake wanne, kila mmoja na makasia mawili, iliamuliwa kwa sekunde 0.15. Uingereza 6:16.31, Uholanzi 6:16.46. Kwa mwendo waliokuwa nao, tofauti hiyo ni kama sentimita 80 baada ya kilomita mbili za maji. Kwa hiyo tathmini hii itakaa zaidi kwenye sentimita kuliko kwenye sifa za kaboni ya makasia, maana kaboni nzuri siku hizi inauzwa na wengi.

Concept2 ni kampuni ya Vermont, Marekani, ileile ya mashine za kupigia makasia unazoziona gym. Ilianza mwaka 1976 na makasia, mashine zikafuata. Mwaka 1991 ikaleta bapa (sehemu ya kasia inayoingia majini) pana lililokatwa upande mmoja mfano wa shoka, na umbo hilo likayafukuza karibu yote ya zamani kwenye mashindano makubwa. Makasia yanauzwa kwa jozi, la kushoto na la kulia, hivyo boti moja inahitaji jozi nne. Afrika Mashariki jina linalojulikana Olimpiki ni Kathleen Noble wa Uganda, aliyeshindana Tokyo na Paris kwenye boti ya mtu mmoja. Yeye jozi moja inamtosha. Ukiwa na wanne, shida haiongezeki mara nne tu, kwa sababu sasa makasia manane lazima yawe pacha.

Tuanze na bapa. Bapa la Smoothie2 uso wake ni laini, hauna mgongo ulioinuka katikati, na lina urefu wa kawaida. Fat2, bapa lao jingine, ni fupi na pana zaidi, na linashika maji mapema likizama. Tatizo la Fat2 haliko kwenye bapa, liko kwa mnunuzi: anachukua vipimo vya Smoothie2 na kuvihamishia kule vilevile. Fat2 linatakiwa lifupishwe sentimita kadhaa kwa urefu mzima, la sivyo mzigo, yaani uzito wa kila mpigo mkononi, unakuwa mkubwa mno na kufika mita 1,500 migongo imekwisha. Kwa timu ya wanawake yenye tofauti ya kimo na nguvu kati ya wachezaji, Smoothie2 linasamehe zaidi. Anayechelewa kidogo kuzamisha haadhibiwi sana. Fat2 ni la timu ambayo tayari inazamisha mabapa manane kwa sauti moja.

Bomba la kasia linapatikana kwa ugumu tofauti. Wanunuzi wengi hukimbilia gumu kwa sababu linasikika la kibingwa. Kwa wanawake wepesi hilo ni kosa: bomba gumu halipindi vya kutosha mwanzoni mwa mpigo, na mshtuko wote unakwenda mbavuni, sehemu ambayo wapiga makasia huvunjika mara nyingi kwa kuchoka kwa mfupa. Chagua la kati, au laini kama wengi wenu mko chini ya kilo 65.

Sasa vipimo, na hapa ndipo kasia hili linapata alama zake. Mpini unaongezeka na kupungua urefu kwa kama sentimita 5, na kola, pete inayozuia kasia lisiteleze, inasogea juu ya bushi, ganda la plastiki lililovikwa bomba pale kasia linaposhikwa na boti. Kwa boti ya wanne ya wanawake, mwanzo mzuri ni urefu mzima sentimita 288, sehemu ya ndani (kutoka mwisho wa mpini hadi uso wa kola ulio upande wa bapa) 88, na nafasi kati ya pini mbili za mchezaji mmoja (vyuma vilivyosimama ambavyo makasia yake huzungukia) 159. Mipini itapishana hivi: ongeza 2 kwenye 88, kwa ajili ya umbali wa kola hadi pini, zidisha kwa mbili, toa 159. Unapata 21. Chini ya 18 mikono inakuwa mbali na mpigo unakosa nguvu mwishoni. Ukipita 23, vidole vya mkono wa juu vinaanza kukwangua mgongo wa mkono wa chini, na damu kwenye mipini utaiona kabla ya kuelewa sababu.

Mtego uko kwenye mpini. Ukiurefusha sentimita 1, urefu mzima umekuwa 289, lakini sehemu ya ndani nayo imekuwa 89. Nje, yaani kutoka kola hadi ncha ya bapa, hakuna kilichobadilika. Ukitaka ndani irudi 88, lazima uisogeze kola sentimita 1 kuelekea mpini, na hapo ndipo nje inapanda kutoka 200 hadi 201 na mzigo unaongezeka. Wengi hugusa mpini, wakasahau kola, kisha wakashangaa mzigo umekuwa mwepesi kuliko walivyokusudia. Pima mpini ukiwa umevikwa raba yake, kwa futi ya chuma, si ya kitambaa ya fundi cherehani. Pima makasia yote manane mfululizo, mtu mmoja, mahali pamoja. Kasia moja likizidi lenzake kwa nusu sentimita, boti itavuta upande, na yule anayeongoza usukani kwa kiatu atapigana nao mbio nzima. Kila usukani unapogeuka, maji yanaidai boti.

Kuna kijiklipu kinachouzwa kando, kinaitwa CLAM. Unakibana kwenye bushi mbele ya kola, nacho kinaongeza sehemu ya ndani kwa sentimita 1 na kuipunguza ya nje kwa kiasi hichohicho, bila bisibisi. Pepo za omo, yaani za mbele, zikiibuka saa moja kabla ya mbio, hiki ndicho kinachookoa: dakika mbili na timu imepata mzigo mwepesi. Lakini vinatakiwa vinane, na vikikaa, mipini inapishana zaidi kwa sentimita 2. Ile 21 imekuwa 23. Kwa hiyo mkijua uwanja wenu una upepo wa kubadilika, anzeni na kupishana kwa 19 au 20 ili CLAM ipate nafasi. Upepo wa tezi, yaani wa nyuma, ukirudi, vitolewe vyote vinane. Kimoja kikisahaulika, ni bora vingebaki vyote.

Kishwara chao, kinachoshika kasia kwenye pini, nacho kinastahili neno. Watu wa pwani kishwara wanakijua kama kitanzi cha kamba kwenye mashua. Hiki ni cha plastiki ngumu chenye lango na skrubu, na ndani kina vijibushi vyenye namba vya kubadilisha pembe ya bapa bila kuipinda pini. Anza na digrii 4. Pembe ikiwa ndogo, bapa linapiga mbizi na mchezaji anashindwa kulitoa. Ikiwa kubwa, linateleza juu na kuchota hewa. Kimo cha vishwara hurekebishwa kwa washa (vipete) za kubana kwa mkono. Cha mkono unaopita juu, ambao kwa timu nyingi ni wa kushoto, kiwe juu ya mwenzake kwa kama sentimita 1.

Alama za rangi huwachanganya wapya. Nyekundu ni upande wa kushoto wa boti ukitazama omo, lakini mpiga makasia ameketi akitazama tezi, kwa hiyo kasia jekundu hulishika kwa mkono wa kulia.

Udhaifu upo. Raba za mpini huteleza zikilowa jasho na kulainika kwa jua, na hazidumu kama bomba lenyewe. Bushi inalika upande ule unaoegemea kishwara. Ikionyesha mfereji, bapa linaanza kucheza mkononi. Skrubu za kola zikiachwa kwenye maji ya chumvi zinashika kutu, kwa hiyo suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila siku. Ncha ya bapa ndiyo inayogonga gati. Gundi ya epoksi na msasa laini vinatosha kwa ufa mdogo, ila usiinoe ikawa nyembamba: kanuni za kimataifa zinataka ukingo wa bapa usipungue milimita 3, na wakaguzi hupima. Mabapa yote ya timu yawe na rangi moja, na rangi nzito iliyopakwa kwa brashi inaharibu ule ulaini uliolipia.

Kusafirisha ndiyo maumivu. Kasia la karibu mita 2.9 halipokelewi kama begi, linakwenda kama mzigo, kwenye bomba la plastiki au sanduku la mbao, mabapa yakiwa mgongo kwa mgongo na blanketi katikati. Andika kwenye kila kasia namba ya kiti chake kwa kalamu isiyofutika juu ya bushi, pamoja na vipimo vyake viwili. Kama pesa ipo, nunua jozi ya tano, ipimwe na ifungwe sawa na zile nne siku ileile, si siku utakapoihitaji.