Nilikwenda Mto wa Mbu kutalii, nikapokelewa kama dereva

Nianze na yule kijana wa mapokezi ya hoteli, maana nisipomtoa moyoni siwezi kuandika kitu kingine. Nimeshuka kwenye Noah yangu, shati limeloa jasho, begi la Mama mkono huu, langu mkono huu. Akanitazama juu mpaka chini, kisha akachungulia nyuma yangu kama kuna mtu hajashuka bado. "Kaka, wageni wako wapi?" Nikamwambia wageni ni sisi. Akacheka, akanyoosha kidole: "Vyumba vya madereva ni kule nyuma, pita pembeni ya jiko."

Mama yangu ana miaka sitini na kitu. Hata shikamoo hakupewa.

Mpango ulikuwa wangu. Sisi ni watu wa Moshi. Mama kakulia Machame, mlima anauona kila siku, lakini tembo alikuwa anamjua wa kwenye noti ya elfu kumi tu. Nikasema tusilale Arusha mjini halafu tuamke usiku wa manane kukimbizana na malori. Tukae Mto wa Mbu siku tatu. Na hapo sikukosea. Lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara liko mwisho wa mji, kabla barabara haijaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Unamaliza chai yako taratibu na bado unawahi. Ngorongoro unapandisha, unaipita Karatu, unafika lango la Loduare. Kreta, lile shimo kubwa la Ngorongoro lenye wanyama, Noah haishuki, kwa hiyo tulikodi Land Cruiser hapo hapo mjini. Hifadhi ya Tarangire tuliiacha, ni mpaka urudi Makuyuni ushike barabara ya Babati, na Mama alisema mgongo wake si wa kukodi.

Utulivu? Upo, ukiwatoa vyura wa kwenye majaruba ya mpunga na baa moja ambayo spika zake sijui zinadaiwa nini. Mbu nao wapo, jina la mji halijadanganya mtu.

Turudi kwenye ile hoteli. Kijana alipoiona risiti ya malipo akasema "samahani" ile ya kumwambia mtu uliyemkanyaga kwenye daladala. Basi, ningesahau. Lakini asubuhi ya kwenda Kreta tukapewa maboksi ya chakula cha mchana. Tumefungua kule chini, jirani zetu Wazungu, ambao tulilala nao hoteli moja, wana kuku, keki, juisi na tunda. Sisi chapati moja iliyokunjwa, yai la kuchemsha, maji. Dereva wetu alichungulia akaguna: "Bosi, hilo ni boksi letu sisi." Na mimi nimelipia elfu ishirini kila moja! Mama alikula chapati yake kimya huku anamwangalia tembo dume mwenye pembe karibu zinagusa majani, akasema, "Kumbe masikio yake ni makubwa hivi." Mimi yule tembo sikumfaidi. Nilikuwa namuwaza kijana wa mapokezi.

Nilirudi nimejiandaa kugomba. Nikamkosa Mama chumbani. Nikamkuta kule kule nyuma, pembeni ya jiko, kakaa kwenye kiti pekee chenye mto, madereva wamemzunguka na kikombe cha chai ya tangawizi wamemwekea. Shikamoo mama kulia, shikamoo mama kushoto. Mmoja alikuwa amemletea ndizi nyekundu za sokoni, mwingine mbege, ile pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi ulioota. Ameonja, amekunja uso: "Wanangu, huu ni uji. Ulezi wake haukuota." Wakaangua kicheko. Nikabaki nimesimama na hasira zangu, sina pa kuziweka.

Kwa hiyo sijui niwaambieni nini. Mji nendeni. Hoteli msiende, ingawa kitanda kilikuwa safi na maji ya moto hayakukatika. Mama anataka kurudi mwisho wa mwaka, na anataka pale pale, eti aliwaahidi wale vijana atawapelekea mbege ya ukweli. Nimemwambia tutaona.

Ila meneja, kama unasoma: boksi mbili, elfu arobaini. Bado nakudai.