Maandalizi ya usaili wa daraja la 8a: vikao vinafaa, video hazifai

Katika NHS, huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, mwanasaikolojia tiba aliyemaliza miaka mitatu ya shahada ya uzamivu na kusajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, huanza kazi katika daraja la 7 la mshahara, kisha hupanda 8a na 8b, na bingwa huwa 8c au zaidi. Mimi nilikwama daraja la 7 kwa miaka minne, nikashindwa usaili mara mbili, ndipo nikalipa pauni 240 kwa kampuni ndogo inayowaandaa wanasaikolojia kwa nafasi za uandamizi.

Vikao vinne kwa simu ya video vilistahili fedha hiyo. Mkufunzi, mwanasaikolojia bingwa aliyewahi kuketi kwenye majopo ya usaili, alinitaka nieleze kazi niliyoiongoza, nami nikasimulia kwa dakika nne jinsi tulivyopunguza foleni ya wagonjwa wenye kiwewe. Aliponirudishia rekodi, nilijisikia nikisema tuliona, tuliamua, tulibadilisha, bila "mimi" hata moja. Sisi tuliolelewa kuona kujisifu ni utovu wa adabu, ile tu- hutuponyoka hata tunapozungumza Kiingereza, lakini jopo haliwezi kukupa alama kwa uamuzi usiosema kuwa ni wako. Kisha akaniuliza ninamsimamia nani. Sikuwa na jibu, kwa kuwa nilikuwa nikihesabu miaka tu, ilhali nafasi ya 8a kwa kawaida humtaka mtu anayewasimamia wanasaikolojia wasaidizi na walio mafunzoni. Wiki hiyohiyo niliomba kazini nipewe msaidizi wa kumsimamia.

Masomo ya video yaliyorekodiwa ni hasara. Yanachanganya masharti ya 8a na ya 8b, wala hayataji kwamba baadhi ya waajiri humpandisha mtu kutoka daraja la 7 hadi 8a akitimiza malengo waliyoandikiana, bila kushindania nafasi mpya. Kilichoniuma zaidi ni fomu yangu ya maombi: waliahidi kuisoma kwa siku 3, ikarudi siku ya 9, maombi yakiwa yamekwisha kufungwa, na fedha sikurudishiwa.

Usaili wa tatu nilipita, na shukrani zangu ni kwa yule mkufunzi. Anayetaka kulipia huduma hii amuulize kwanza msimamizi wake kama kazini kwao upo utaratibu wa kupandishwa bila usaili. Usipokuwepo, anunue vikao pekee, na fomu yake ampe mwenzake aliyekwisha kufika 8a amsomee.