Steshenari ya Mwanga: cheti nilipata, akaunti wakabaki nayo

Nianze na kilichonikera. Nimesimama kwenye steshenari moja hapa Mwanga, Kigoma, naomba paswedi ya akaunti yangu mwenyewe ya NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, akaunti yenye jina langu, TIN yangu ya mlipa kodi na namba yangu ya kitambulisho cha NIDA, na kijana niliyemlipa kuifungua ananijibu bila hata kugeuza shingo: "Mama, paswedi ni ya ofisi."

Ya ofisi! Ofisi gani, wakati biashara ni yangu?

Mimi nauza dagaa. Wanaoijua Kibirizi, mwalo wetu wa kushushia samaki, wanajua kazi yenyewe ilivyo. Siku za giza mitumbwi inaingia alfajiri, na ukichelewa mwaloni unakuta dagaa wazuri wameshapata wenyewe. Ukitoka hapo kuna kuanika, kugeuza, kuchagua, kupakia. Napumua mbalamwezi ikiwaka, maana mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti kitu. Sasa mtu wa namna hiyo akae saa ngapi kwenye kompyuta kupambana na mifumo? Ndiyo maana kazi hiyo niliitoa kwa anayeiweza, kama wanavyofanya wafanyabiashara wengi tu hapa mjini.

Na haki ya mtu nimpe. Kijana aliifanya upesi, tena vizuri. Kusajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni shilingi 20,000, akanitolea namba ya malipo, nikalipa mwenyewe kwa simu, hakuongeza hata mia. TIN aliniambia wazi kwamba TRA wanaitoa bure, nitalipia usumbufu wake tu. Kisha akanisajili NeST, kwa sababu siku hizi manunuzi ya serikali yanapitia huko, na shule zetu za bweni zinanunua chakula humo humo. Wakati ule ilikuwa shikamoo mama, karibu mama, kaa hapa mama penye feni. Nilitoka na cheti mkononi nikiwa na furaha kweli, na wenzangu wa mwaloni nikawaelekeza pale pale.

Halafu ukaja mwaka 2024, Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Wenye akiba ya dagaa wakavu tukawa tunatafutwa. Katikati ya kipindi hicho nikasikia kuna shule imetangaza kununua dagaa na maharage. Stoo yangu imejaa, dagaa safi, hawana mchanga. Mwanangu akaingia kwenye mfumo kwa simu yake, paswedi ikakataa. Tukabonyeza pale pa kusahau paswedi. Ujumbe ukaenda kwenye barua pepe ya steshenari. Namba ya simu iliyoandikwa nayo ni ya kijana, si yangu.

Nikapanda boda. Kufika, benchi limejaa wanafunzi wanaojaza fomu za mikopo ya chuo, na yeye ana spika za masikioni, mkono mmoja kwenye mausi, mwingine anatafuna karanga na maganda anayaangusha kwenye kibodi. Nikaeleza. Ndipo nikapewa jibu hilo la ofisi. Nikamwambia, mwanangu, zabuni inafungwa kesho, niandikie tu kwenye karatasi. Akasema kuna gharama ya kuifungua, 15,000, na leo ana foleni, nije kesho kutwa. Nilipouliza kesho kutwa itanisaidia nini, akacheka, akawatazama wale wanafunzi na kusema, "Hawa wazee mitandao hawaijui lakini haraka wanayo."

Watoto wale wengine hawakucheka. Binti mmoja aliinamisha kichwa. Mimi nilitetemeka.

Nielezwe jambo moja. Nalipa kinamama wanaogeuza dagaa kwenye vichanja. Nalipa vijana wa magunia. Nalipa dereva. Hakuna hata mmoja aliyebeba gunia langu mpaka kwenye gari kisha akaniambia gunia sasa ni la mgongo wake. Kazi nimemlipa, imeisha, mali inabaki kwa mwenyewe. Kwa nini ikifika kwenye kompyuta mambo yabadilike? Na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Namba ya NIDA ya mtu si kitu cha kukaa kwenye barua pepe ya duka ambayo kila anayeajiriwa pale anaifungua.

Zabuni ilinipita. Magunia niliyauza, ndiyo, ziwa likifungwa dagaa hawakosi mnunuzi, lakini mnunuzi wa siku moja si sawa na shule inayolisha watoto muhula mzima. Akaunti niliipata tena baadaye, kwa barua na nakala za vitambulisho, kwa kuzunguka.

Kwa hiyo msiende? Nilikusudia kuandika hivyo. Lakini kwa cheti cha BRELA walinihudumia vizuri, siwezi kukana, na bei yao ni nafuu kuliko wa kule mjini. Basi nendeni kwa kuchapa na kutoa nakala. Hapana, nikikumbuka ile shingo isiyogeuka, hata nakala msitoe pale.

Siku hizi kazi zangu anafanya binti wa jirani aliyemaliza chuo. Anakuja kwangu jioni na kompyuta yake, tunakaa ukumbini. Barua pepe ni yangu, namba ya simu ni yangu. Ikifika pa kuandika paswedi ananisogezea kompyuta, anageukia dirishani mpaka nimalize na kuiandika kwenye daftari langu. Sikumwomba afanye hivyo. Namlipa zaidi ya nilivyokuwa nalipa steshenari, na nalipa kwa moyo mweupe.

Nyota ninawapa moja. Na mwenye duka, kama haya yatakufikia: wenzangu wa mwaloni niliokuletea, akaunti zao bado ziko kwenye barua pepe yako. Wapigie simu uwape, kabla hawajazihitaji.