Boila au shawa ya umeme kwa baridi ya Arusha?

Juni ikiingia, maji ya alfajiri kule Ngaramtoni yanauma mpaka mifupa, na ubishi huu unarudi palepale.

Kununua na kufunga, shawa ya umeme ni nafuu, hakuna mjadala. Ila kuna zinazovuta wati 5,500, karibu ampea 24. Ukiiunga kwenye waya mwembamba wa taa, utaanza kusikia harufu ya plastiki. Na presha ya maji ikiwa ndogo, haiwaki.

Boila linataka maelezo zaidi, maana wengi hawaielewi themostati yake. Kile kitufe cha kuzungusha hakiongezi kasi ya kuchemsha, kinaweka kikomo tu: maji yakifika nyuzi 60, umeme unajikata na taa nyekundu inazimika, yakipoa kidogo, inawaka tena. Lita 50 kutoka nyuzi 18 hadi 60 zinakula takriban uniti 2.5. Kwa koili ya wati 1,500 utasubiri kama saa moja na dakika 40, hata ukizungusha mpaka mwisho. Kwangu tulizungusha miaka miwili tukijidanganya.

Umeme ukikatika, boila bado lina maji ya moto. Likiachwa linawaka kutwa nyumba tupu, LUKU inaliwa bure. Halafu kuna fimbo ya magnesiamu ndani, inayoliwa na kutu badala ya tanki. Ikiisha bila fundi kuibadilisha, kutu inahamia kwenye tanki.

Mpangaji wa chumba kimoja Sakina, shawa inamtosha. Familia ya watu sita Njiro, wote wanatoka saa 12 asubuhi? Mimi ningefunga boila la lita 100, niliwashe usiku kabla ya kulala.