Teltonika FMB120 kwenye malori ya njia ya Tunduma–Iringa: kifaa ni kizuri, ufungaji ndio unaokiharibu

Tajiri wa Mbeya anayetafuta kifaa cha kufuatilia lori au Coaster yake huonyeshwa kwanza simu: ramani nzuri, kigari chekundu kinasogea taratibu kuelekea Uyole. Hiyo isimnunue mtu. Ramani huchorwa na seva, yaani kompyuta inayopokea taarifa za gari, na seva yoyote inaweza kuchora. Cha kupima ni taarifa zinazotoka garini: zinakuwaje gari likipanda mlima Kitonga kutoka Mahenge, mtandao ukikatika, na umeme wa gari ukiwa wa volti 24? Kwa kipimo hicho FMB120 ya Teltonika, kampuni ya Lithuania, ni kifaa cha kuaminika, na sehemu kubwa ya lawama zinazoelekezwa kwa vifaa vya aina hii ni za fundi aliyekifunga.

Kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu wa 2G tu, ule wa zamani na wa polepole. Wapo wanaokidharau kwa hilo, lakini hesabu iko upande wake. Lori linalotembea saa 12 kwa siku na kuandika rekodi kila sekunde 30 hutoa rekodi 1,440. Kila moja ukiihesabia baiti 100, hiyo ni kilobaiti 144 kwa siku, megabaiti 4 na ushee kwa mwezi. Ongeza data inayoliwa na mawasiliano yenyewe na rekodi za ziada za kwenye kona, bado bando la megabaiti 20 linabakiza. Muhimu zaidi ni kumbukumbu ya ndani: mtandao ukipotea kinahifadhi rekodi, ukirudi kinazituma zote na saa zake halisi. Kifaa kisicho na kumbukumbu huchora mstari ulionyooka toka Mahenge hadi Ilula, kana kwamba gari limeruka korongo.

Usikubali kiandike kwa muda peke yake. Kwenye kona za Kitonga, rekodi za muda mtupu hukata kona, kilomita zinapungua, na hesabu ya mafuta kwa kilomita inaharibika. Dereva anaonekana mwizi wa dizeli ambayo imeungua kihalali mlimani. Weka masharti matatu kwa pamoja: sekunde 30, mita 100, na mgeuko wa digrii 10. Litakalotimia kwanza ndilo linaloandika rekodi.

Sasa kosa kubwa kuliko yote, na linalojirudia kwenye malori. Kifaa kinaweza kujua kuwa gari limewashwa kwa kusoma volti za umeme kinaopokea, na mpangilio wa kiwandani unasema: kuanzia volti 13.2 hadi 30, gari linawaka. Kwa gari dogo la volti 12 hilo ni sawa, kwa sababu alteneta ikifanya kazi ndipo volti zinapovuka 13.2. Kwa lori, betri mbili zikiwa zimelala tu zinasoma 24 na zaidi. Kwa hiyo kifaa kinaamini injini inawaka usiku kucha. Hakilali, kinanyonya betri, na ripoti inaonyesha lori lililoegeshwa Mbalizi liliunguruma mpaka asubuhi. Tajiri anagombana na dereva bure. Dawa ni kuunganisha waya wa swichi ya kuwashia gari kwenye ingizo la kwanza la kifaa na kukiamuru kisome hapo. Kama fundi anang'ang'ania njia ya volti, basi kiwango cha chini kipandishwe hadi karibu 26.4.

Waya wa swichi nao uchukuliwe mahali ambapo umeme haukatiki stata inapozungushwa. Ukikatika, kila safari itahesabiwa mara mbili. Waya wa moto upitie fyuzi ya ampea 3 na uanzie upande wa betri wa swichi kuu ya kukata umeme. Ukianzia upande wa pili, dereva akikata umeme kifaa kinabaki na betri yake ndogo ya ndani na baada ya muda kinazima. Ethi, yaani waya wa hasi, ifungwe kwenye chesisi, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Ethi iliyofungwa juu ya rangi au kutu haionekani kwa macho, lakini ndiyo inayofanya kifaa kijiwashe na kujizima gari likipita kwenye matuta.

Kifaa kikae chini ya plastiki ya dashibodi, upande wenye lebo ukitazama juu, pasiwe na bati juu yake, na kisikae jirani na hita. Kifungwe kikaze. Kina kihisi cha mtikisiko kinachopima breki za ghafla na kona kali. Kikining'inia kwa waya, kila shimo litaandikwa kuwa dereva amefunga breki vibaya.

Ubishi wa mwendo husikika sana. Sheria inayabana mabasi na magari ya zaidi ya kilo 3,500 kwenye kilomita 80 kwa saa, na 50 kwenye makazi. Madereva husema GPS hudanganya kwenye miteremko. Mteremko wenyewe hauna hatia: hata ukiwa wa asilimia 10, tofauti kwenye kilomita 80 ni kama 0.4 tu. Mita ya dashibodi ndiyo hutengenezwa isome juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo anayeangalia mita yake kwa uaminifu yuko salama. Kinachoweza kuleta namba ya ajabu ni ukuta wa mwamba unaorudisha mawimbi ya satelaiti. Rekodi moja ya kilomita 110 kati ya rekodi za 35, tena yenye satelaiti nne, si ushahidi wa kumkata mtu mshahara. Soma ya kabla yake na ya baada yake.

Kikomo cha 80 pekee hakitoshi. Semi yenye tani 56, ambao ndio uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa Afrika Mashariki, ikishuka Kitonga kwa kilomita 60 tayari iko hatarini, na mfumo utakaa kimya. Chora uzio wa ramani, yaani mipaka ya eneo ambayo mfumo utaitolea tahadhari, upande wa seva kwa Kitonga, mteremko wa Inyala na Iwambi, kila mmoja na kikomo chake. Kwa semi iliyojaa, 30 ni namba ya busara. Kazi hii inachukua nusu saa, haiongezi gharama, na wengi hawaifanyi. Inasikitisha, maana ndiyo sehemu ya mfumo iliyo karibu zaidi na uhai wa watu.

Lakini muuzaji akikwambia kifaa hiki "kinazuia ajali" kwa sababu gari lako sasa "linaongea na barabara", kataa. Mfumo wa namna hiyo upo: Toyota ilianza kuuza ITS Connect huko Japani mwaka 2015 kwa mawimbi ya megahezi 760, na Marekani na Ulaya zimetenga gigahezi 5.9. Huko gari hutangaza mahali lilipo, mwendo na breki zake hadi mara kumi kwa sekunde, moja kwa moja kwa magari mengine na kwa taa za barabarani, bila kupitia mtandao wa simu. FMB120 haina redio hiyo. Inaongea na seva tu, kwa kuchelewa sekunde kadhaa hadi dakika. Dereva anayeshuka Inyala hataambiwa chochote kuhusu lori lililoharibika nyuma ya kona.

Kinachowezekana ni hiki: weka tahadhari kwa gari lolote litakalosimama zaidi ya dakika 10 ndani ya uzio wa Kitonga. Msimamizi akiipata, awapigie walio nyuma wasubiri Ruaha Mbuyuni au Ilula, kutegemea wanakotoka. Matajiri watatu wanne wa njia moja wakikubaliana kupeana tahadhari hizo tu, bila kuoneshana mizigo wala wateja, faida itakuwa kubwa kuliko kifaa chochote kipya.

Uzito wa ekseli hakiujui. Mizani ya Mpemba, Makambako na Wenda itaendelea kukuambia usilotaka kusikia. Kwa basi la abiria, kununua kifaa hiki kwa matumizi yako hakuondoi masharti ya VTS, mfumo wa kufuatilia magari wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini: muuzaji awe anayetambuliwa nao na taarifa zifike kwenye mfumo wao. Kitufe cha chuma cha kumtambua dereva kinaunganishwa vizuri na FMB120, ila kisomeo kipanguswe kwa kitambaa kikavu. Grisi ya vidole ikijaa, kitufe hakisomwi.

Kwa wenye magari madogo yaliyotoka Japani: lile sanduku la ETC linaloongea Kijapani ukiwasha gari lilikuwa la kulipia barabara za huko, na hapa halina kazi. Liondoe. Soketi yake ina umeme wa kudumu, wa swichi na ethi, hivyo ni mahali safi pa kuunganisha kifaa, ukishahakikisha kuwa waya wake wa swichi haukatiki stata inapozungushwa.

Kabla ya kumlipa fundi salio, tuma SMS ya getgps kwa namba ya laini iliyo ndani ya kifaa, ukianza na nafasi mbili tupu kabla ya neno, kama hakuna nywila iliyowekwa. Kwa Mbeya mjini jibu liwe latitudo karibu -8.9 na longitudo karibu 33.4, na mwinuko wa mita 1,700 hivi. Zima gari dakika 20, uone seva inasema limezimwa. Kisha angalia saa: kifaa hutumia saa ya dunia, na seva isipoongeza saa tatu, basi lililoondoka saa 12 asubuhi litaandikwa kuwa limeondoka saa 9 usiku.