Redio za zimamoto Moshi: analogi au dijitali?
Analogi ya VHF (masafa ya juu sana ya redio) ni nafuu, na mawimbi yakififia kwenye makorongo ya Kilimanjaro bado utaambulia neno mojamoja. Ila mwenye skana (redio ya kunasa mawasiliano ya wengine) pale stendi anasikia yote, hata jina la mgonjwa. Toni ya CTCSS, mlio wa chini unaotumwa pamoja na sauti ili redio isikie kundi lake tu, haifichi kitu. Inanyamazisha spika tu.

Dijitali yenye AES-256 (njia imara ya kusimba, yaani kuficha ujumbe kwa msimbo wa siri) huziba masikio hayo. Usiridhike na neno "imesimbwa": mwaka 2023 watafiti walionyesha kuwa TEA1, njia ya kusimba ya mfumo wa redio za dijitali wa TETRA, hupunguza ufunguo (namba ya siri ya kufungulia ujumbe) wa biti 80 hadi 32, na kompyuta ya kawaida huuvunja. Tatizo la kila siku ni funguo: redio iliyosahaulika kubadilishiwa hubaki bubu moto ukiwaka.

Chukueni dijitali, mbakize chaneli moja ya analogi. Redio ikipotea, badilisheni funguo siku hiyohiyo.