Biro ya Wafanyakazi wa Nyumbani Nakuru: Nilichopata Mimi na Alichokatwa Dada

Likizo yangu ya uzazi ilipokaribia kwisha, mimi na mume wangu tulikwenda katika biro moja ya wafanyakazi wa nyumbani katikati ya jiji la Nakuru. Kwa upande wa kasi na ukaguzi wa stakabadhi ninaisifu bila kusita: nililipa shilingi 2,500 kwa M-Pesa, nikaonyeshwa kitambulisho na cheti cha polisi, na siku ya pili dada wa kazi kutoka mtaa wa Kaptembwo akafika kwetu mtaa wa Section 58. Mtoto alimzoea upesi.

Yaliyobaki yaliniuma. Fomu ya mteja iliuliza jina la mama wa nyumba, simu yake na mahali anapofanya kazi, lakini nafasi ya baba haikuwapo. Mume wangu aliketi kwenye benchi hadi tukatoka bila kuulizwa neno. Utafiti wa matumizi ya muda wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake nchini Kenya hutumia takriban mara tano ya muda ambao wanaume hutumia katika kazi za nyumbani zisizo na malipo, na fomu ile inaandikwa kana kwamba hali hiyo ni sheria.

Mhudumu alinishauri nimlipe dada shilingi 7,000 kwa mwezi, akisema ndiyo bei ya mjini. Kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa nyumbani wa Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kilipandishwa hadi shilingi 16,113.75 mnamo Novemba 2024, bila kuhesabu posho ya nyumba. Mkataba wao ulimpa Jumapili mbili za mapumziko kwa mwezi, ilhali Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi siku moja katika kila siku saba.

Mwisho wa mwezi ndipo nilipojua kwamba biro ilikuwa imemtoza dada naye ada, ikidai theluthi ya mshahara wake wa kwanza. Siku hiyo hiyo aliniambia kwamba ana mtoto wa miaka miwili, na kwamba kila asubuhi, kabla ya kupanda matatu kuja kumlea wangu, humwacha kwa jirani anayelea watoto chumbani kwake kwa shilingi 100 kwa siku. Nilihesabu nikanyamaza: kwa mshahara wa biro, nauli na jirani vingemmalizia zaidi ya nusu ya pesa zake, na mimi ndiye ningekuwa ninaenda kazini kwa hasara yake.

Tuliandika mkataba mpya, mume wangu akatia sahihi pamoja nami, ada ile tukamrudishia dada wenyewe. Biro ilikataa kubadilisha fomu. Anayetaka kuitumia aitumie kwa ukaguzi wa stakabadhi pekee, na amwulize mfanyakazi ana kwa ana anatozwa nini na nani anabaki na watoto wake.